Chujio lililoganda: ninavyochagua namna ya kutibu maji safarini

Asubuhi ile nililitikisa chujio nikasikia vitu vikigongana ndani. Vilikuwa vipande vya barafu. Usiku nilikuwa nimeliacha nje ya hema, kwenye mfuko wa pembeni wa begi, na baridi ya mlimani ikalikuta na maji yake tumboni. Nikalibana kwapani mpaka barafu ikayeyuka, nikachota maji kijitoni kwa mfuko wake, nikauminya maji yapite kwenye chujio. Maji yalitoka vizuri, tena kwa kasi kuliko jana yake. Nilifurahi, nikajaza chupa mbili nikaendelea na safari.

Siku ya tisa, nikiwa nimesharudi na begi limeshafuliwa, tumbo likaanza. Halikuwa la kukimbilia chooni mara moja likaisha. Lilikuwa tumbo la kujaa gesi, choo chenye mafuta kinachoelea, na mbweu zenye harufu ya yai viza. Nilimaliza wiki nzima nikidhani ni kitu nilichokula mjini. Vipimo vilipotoka, jibu lilikuwa giardia, kijidudu cha majini kinachokaa utumboni.

Nilikuwa sijui kilichotokea ndani ya lile chujio, na nadhani wengi wanaoyabeba hawajui. Ndani yake mna nyuzi nyingi nyembamba zenye uwazi katikati, kama mirija midogo sana iliyofungwa pamoja. Maji hupenya kwenye kuta za mirija hiyo kupitia vitundu vya mikroni 0.1 au 0.2, yaani sehemu ndogo mno ya unene wa unywele. Chujio likishalowa haliwezi kukauka kabisa ukiwa njiani. Maji hubaki ndani ya nyuzi. Yakiganda hutanuka, na nyuzi hupasuka. Ukilitazama kwa nje halina kasoro yoyote, na maji yanaendelea kupita, kwa sababu sasa yamepata njia ya mkato. Ile kasi niliyoifurahia ilipaswa kunitia shaka.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kifaa gani, siku hizi simjibu kabla hatujaongea juu ya maji yenyewe. Nauliza: huko unakokwenda, juu ya pale utakapochota kuna nani? Swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Vijidudu vya majini vinavyotusumbua viko katika makundi matatu, na yanatofautiana sana kwa ukubwa. Wakubwa ni protozoa: giardia ana mikroni kama 10, na mwenzake kriptosporidiamu ana 4 hadi 6. Hawa hutoka kwa watu na kwa wanyama pia, kwa hiyo hata kijito cha porini kinachometameta kinaweza kuwa nao. Wanaofuata ni bakteria, wengi wao kuanzia nusu mikroni hadi mikroni chache. Chujio zima la nyuzi linawazuia wote hao. Kundi la tatu ni virusi, kama vile vya homa ya ini aina ya A na vya rota, vinavyoharisha watoto. Virusi vya homa ya ini A vina mikroni 0.03 tu, na vinapita kwenye tundu la 0.1 bila hata kugusa kingo.

Sasa, virusi vinavyotudhuru kwa njia ya maji hutoka hasa kwenye kinyesi cha binadamu. Juu yako kukiwa na miamba, msitu na wanyama peke yao, chujio zuri linatosha kwa watu wengi. Juu yako kukiwa na kijiji, kambi yenye msururu wa mahema, au njia inayopitwa na mamia ya watu wasio na vyoo, chujio peke yake halitoshi hata kidogo, hata kama muuzaji amekuapia. Hapo ongeza dawa au moto.

Kuhusu dawa, kuna kosa moja ambalo hunikera kuliko mengine yote: watu kusema "vidonge" kana kwamba ni kitu kimoja. Vidonge vya klorini ya kawaida ni vizuri kwa bakteria na virusi, na vikipewa muda na dozi ya kutosha hupunguza hata giardia, hasa maji yakiwa na vuguvugu. Lakini kriptosporidiamu ana ganda gumu, na klorini kwa kiwango cha maji ya kunywa haimwezi. Mwaka 1993 katika mji wa Milwaukee, Marekani, mdudu huyo alipita kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mji, maji yakiwa yametiwa klorini kama kawaida, na inakadiriwa watu zaidi ya 400,000 waliugua. Kama klorini ya mtambo mzima haikumzuia, usitegemee kidonge kimoja kimzuie kwenye chupa yako.

Dayoksaidi ya klorini ni dawa nyingine, ingawa majina yanafanana. Hiyo inamuua kriptosporidiamu, kwa sharti la muda: maelekezo ya vidonge vingi yanataka saa 4, na hasa maji yakiwa ya baridi au machafu hakuna kupunguza. Bakteria na virusi huhitaji muda mfupi zaidi, mara nyingi nusu saa. Soma karatasi iliyokuja na vidonge vyako, kisha ujiulize kwa ukweli: nikifika kijitoni saa tisa alasiri, koo limekauka, nitasubiri hadi saa moja usiku? Mimi najua sitasubiri. Kwa hiyo vidonge hivi navitumia kwa maji ya usiku: navitia nikishajenga hema, na asubuhi maji yako tayari. Mchana natumia chujio.

Iodini imesaidia wasafiri kwa miaka mingi na bado inauzwa, lakini nayo haimuui kriptosporidiamu, na haifai kwa mjamzito, kwa mwenye matatizo ya tezi ya shingo, wala kwa matumizi ya wiki nyingi mfululizo. Mimi nimeacha kuibeba. Ukishikwa huna kitu, dawa ya kufulia nguo ya klorini isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, inatosha matone 2 kwa lita ya maji maangavu. Koroga, subiri dakika 30.

Jambo moja dogo ambalo karibu kila mtu hulisahau, na ambalo nililiona kwa rafiki tuliyetembea naye. Alichovya chupa mtoni, akatia kidonge, akafunga kizibo, akasubiri muda wote bila kukosea hata dakika. Alipofungua ili anywe, niliona tone likining'inia kwenye mizunguko ya mdomo wa chupa, pale kizibo kinapojifunga. Lile tone lilikuwa maji ya mto yaleyale, dawa haikulifikia, na lilikuwa linaelekea mdomoni mwake. Kidonge kikishayeyuka, legeza kizibo kidogo, pindua chupa, acha maji yenye dawa yapite kwenye mizunguko hiyo, kisha kaza na ndipo uanze kuhesabu muda.

Wanaotumia chujio nao wana tone lao. Mfuko wa kuchotea ni mchafu siku zote, chupa ya kunywea ni safi siku zote, na vitu hivi viwili vikikutana ndani ya begi kazi yote imeharibika. Mimi nimefunga uzi mwekundu kwenye mfuko mchafu ili hata gizani mkono uujue.

Kuchemsha sina mengi ya kusema, kwa sababu hakuna njia ya kuaminika kuliko hiyo. Moto unaua makundi yote matatu na hauulizi kama maji ni ya baridi au ya tope. Maji yakishatokota kwa nguvu, yape dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000, yape dakika 3, maana huko juu maji hutokota kabla ya kufika nyuzijoto 100. Watu wanaochemsha dakika 10 wanachoma gesi bure. Tatizo ni gesi hiyohiyo: kila lita inakula sehemu ya mtungi wako, na baada ya hapo una maji ya moto jua likiwa utosini. Nachemsha yale ambayo ningeyachemsha hata hivyo, ya chakula na ya kinywaji cha jioni, na hayo siyachuji wala kuyatia dawa kwanza.

Taa ya mionzi ya urujuanimno ni nyepesi na ya haraka. Nyingi humaliza lita moja kwa takriban sekunde 90, virusi na kriptosporidiamu wakiwemo. Lakini mionzi haipiti kwenye tope, na betri ikiisha umebaki na fimbo ya plastiki. Ukiipenda, beba vidonge vya akiba. Jua lenyewe lina mionzi hiyo, na ukikwama sehemu moja siku nzima linakusaidia bila gharama: chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, maji maangavu, ilaze juani saa 6. Mbingu ikiwa imefunikwa na mawingu zaidi ya nusu, ni siku mbili.

Mnaona neno "maangavu" linarudi kila mara. Tope ndilo adui wa kila njia isipokuwa moto: huziba chujio, humeza dawa, huwakinga vijidudu dhidi ya mionzi. Wakati wa mvua nimewahi kufika kwenye mto wenye rangi ya matofali, na mto mwingine ulikuwa mwendo wa siku nzima. Nilikuwa na kipande cha shabu kwenye kikopo cha dawa. Nilisaga kiasi cha kubana kwa vidole viwili, nikakitia kwenye lita nne hivi, nikakoroga kwa kasi kidogo kisha polepole kama dakika 5. Mwanzoni haikuonekana kitu. Halafu maji yakaanza kuwa na chembechembe, chembe zikashikana zikawa kama vipande vya pamba chafu, na vipande vile vikaanza kushuka, kimoja baada ya kingine, hadi ndani ya saa moja nikaona kitako cha sufuria kina tope laini na juu yake maji ninayoweza kusomea. Nikayamimina taratibu bila kulitibua tope, ndipo nikayachuja. Shabu haiui vijidudu wote, ila inaipa njia yako nafasi ya kufanya kazi. Ukiwa huna, acha maji yatuame usiku kucha na uyapitishe kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Usidharau kitambaa: utafiti wa Rita Colwell na wenzake huko Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2003, uliona kipindupindu kikipungua kwa karibu nusu katika vijiji ambako kina mama walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa.

Na kuna maji ambayo hakuna kati ya njia hizi inayoyaweza. Yaliyo chini ya migodi, viwanda au mashamba yanayopuliziwa sumu. Yenye utando wa kijani au bluu kama rangi iliyomwagika. Na ya chumvi. Kuchemsha hakuondoi sumu, kunapunguza maji na kuiacha sumu palepale. Mkaa maalumu unaowekwa kwenye baadhi ya machujio huondoa harufu na baadhi ya kemikali, si zote. Maji ya namna hiyo yapite, na kama ramani inaonyesha huna mengine, ubebe yako tangu mwanzo, hata kama kila lita ni kilo nzima mgongoni.

Ninachobeba sasa ni chujio la nyuzi, ukanda wa vidonge vya dayoksaidi ya klorini, na kile kikopo cha shabu. Nikiwa na kundi la watu wanne au zaidi nachukua chujio la kuning'iniza mtini, ambalo maji hushuka na kujichuja yenyewe, maana kumpa mtu mmoja kazi ya kuminya lita kumi jioni ni kumtesa, na mtu aliyechoka huanza kulipua kazi. Kila jioni nalisafisha chujio kwa kurudisha maji safi kinyumenyume. Kwenye baridi nalifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kulala nalo ndani ya mfuko wa kulalia. Likiganda au likianguka mwambani sifanyi nalo maelewano, nahamia kwenye vidonge na moto hadi nirudi. Baadhi ya aina zina jaribio la hewa lililoelezwa kwenye karatasi yake: nyuzi zikiwa zimelowa, ukipuliza, hewa haipaswi kupita. Unaponunua, ulizia lenye jaribio hilo. Mimi nalithamini kuliko uzito mwepesi.

Osha mikono. Sabuni kidogo, mbali na kijito, baada ya haja na kabla ya kugusa chakula. Matumbo mengi tunayoyasingizia maji yanatoka kwenye vidole vyetu na kwenye kijiko tulichoazimana.

Na ukirudi ukaugua, hesabu siku kurudi nyuma. Giardia huchukua wiki 1 hadi 3 kabla ya kujionyesha, kriptosporidiamu mara nyingi wiki moja hivi, kwa hiyo safari unayodhani imeshapita ndiyo inayokuuma sasa. Mwambie daktari, bila kusubiri akuulize, kwamba ulikunywa maji ya mto na tarehe uliyokunywa. Mimi sikusema, na nilipoteza wiki nzima kwa dawa zisizonihusu. Wakati unangoja majibu, usiache mwili ukauke: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, unywe kidogokidogo kila unapotoka chooni.