Wanafunzi wawili wa udi: noti au sikio?
Mwalimu mwenzangu, una wanafunzi wawili wa udi, ile ala ya nyuzi, na umeuliza kama yule anayeshika kwa sikio umwondolee kabisa noti, yaani alama za muziki ulioandikwa, na yule msomaji umfundishe kwa karatasi tu. Tafadhali usiwatenge hivyo. Shingo ya udi haina vipande vya chuma vya kugawa sauti kama gitaa. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti imeharibika. Na Bayati, mojawapo ya maqamu (mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu), ina robo toni, sauti iliyo katikati ya noti mbili jirani, ambayo karatasi haimfundishi mtu asiyewahi kuisikia. Kwa hiyo msomaji aimbe kwanza kifungu kifupi, akitafute kwenye nyuzi, ndipo afungue noti. Wa sikio mpigie, arudie, kisha mwonyeshe alichopiga kinaandikwaje. Waanzie pande tofauti, ila wote wasikie, waimbe, wasome. Mmoja akikwama, punguza kasi kabla hujabadili njia.