Friji inapiga shoti? Anza na soketi
Pole dada wa Tabata uliyeuliza kuhusu friji inayokupiga shoti. Friji ikikutetemesha mkono ukiigusa, usiridhike kwa sababu testa imewaka kwenye soketi. Testa inakuonyesha moto (waya unaoleta umeme) upo, basi. Haikuambii kama ethi ipo, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Mwite fundi umeme apime kwa mita, tundu kwa tundu: moto na nyutro (waya wa kurudisha umeme) isome kama volti 230, moto na ethi vilevile, nyutro na ethi iwe karibu na sifuri. Moto na ethi ikisoma chini sana, mwambie afungue soketi mbele yako, umeme ukiwa umezimwa kwenye meni swichi. Mara nyingi utakuta matundu matatu nje, waya mbili tu ndani. Kwa sasa chomoa hiyo friji, tafadhali, hasa kama watoto wanatembea peku.