Kabla ya kuchagua programu ya bekapu, ulizia siku ya kurudisha

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuhudumia kompyuta za majumbani, mtaulizwa sana swali hili: "Fundi, nitumie programu gani ya bekapu, yaani ya kuweka nakala za akiba?" Mteja ana laptopu moja au mbili, na kando ya rauta ameweka kile kisanduku cha diski cha mtandao tunachokiita NAS, labda cha Synology au QNAP. Msikimbilie kutaja jina la programu. Muulizeni kwanza: laptopu hii ikiibiwa leo usiku, kesho unataka urudishiwe nini, na unaweza kukaa bila hicho kwa muda gani?

Mwenye picha za familia, vyeti na hati za kiwanja anahitaji mafaili yake tu, hata yakirudi baada ya siku mbili. Lakini mama anayeendesha hesabu za duka kwenye programu iliyosajiliwa kwa tabu, ambayo aliyemsimikia hapatikani tena, anahitaji kompyuta nzima irudi kama ilivyokuwa. Huyo mtafutieni programu inayochukua taswira ya diski yote. Veeam Agent kwa ajili ya Windows ina toleo la bure, inaandika moja kwa moja kwenye folda ya NAS, na inakutengenezea flashi ya kuwashia kompyuta iliyokufa. Flashi hiyo itengenezwe siku ileile ya kusimika, kisha ijaribiwe kama kweli inawasha mashine na kuiona NAS. Kuna mashine ambazo flashi haitambui kadi yao ya mtandao, na ni heri mlijue hilo mapema.

Kwa mafaili, Windows ina File History tangu toleo la 8, na Mac ina Time Machine tangu 2007. Zinatosha nyumba nyingi. Ila File History hushika folda za kawaida za mtumiaji, na wateja wetu wengi huweka kazi zao kwenye diski D, ndani ya folda waliyoiunda wenyewe. Folda hiyo haiingii mpaka iongezwe. Fungueni bekapu mwone kilichomo, msitosheke na alama ya kijani.

Wenye kupenda kuandika amri wana restic na Borg. Nyingine ya aina hiyo, iitwayo Kopia, ina pia madirisha ya kubofya. Hizi hukata mafaili vipandevipande, kipande kinachojirudia huhifadhiwa mara moja tu, na kila kitu hufungwa kwa nenosiri kabla hakijaondoka kwenye kompyuta. Mimi napenda restic kwa sababu inafanya kazi ileile kwenye Windows, Mac na Linux. Lakini nenosiri likipotea, hakuna wa kukufungulia, hata waliotengeneza programu. Liandikeni kwenye karatasi, mteja alihifadhi pamoja na hati zake.

Jambo jingine ni umri wa programu. CrashPlan, huduma ya bekapu ya mtandaoni, ilitangaza Agosti 2017 kwamba inaacha huduma ya majumbani, na Oktoba 2018 ikafunga. Macrium Reflect, programu ya kuchukua taswira ya diski, nayo iliondoa toleo lake la bure. Kwa hiyo ulizeni: programu hii ikitoweka, nakala zitafunguka kwa njia gani? File History huacha mafaili ya kawaida yenye tarehe kwenye jina, unayafungua bila kuihitaji yenyewe. Kwa programu zinazohifadhi nakala kwa muundo wao maalumu, wekeni faili la kuzisimikia kando ya bekapu.

Sasa NAS yenyewe. Diski mbili zinazoandikwa sawasawa, yaani RAID 1, zinakuokoa diski moja ikifa. Mtoto akifuta folda, imefutika kwenye zote mbili papo hapo. OneDrive na Google Drive nazo husambaza ufutaji vivyo hivyo. Mwaka 2022 virusi vya Deadbolt vilifunga mafaili kwenye NAS nyingi za QNAP zilizokuwa wazi kwa intaneti na kudai fidia. Juni 2021 watu walikuta diski zao za mtandao za My Book Live, za kampuni ya Western Digital, zimefutwa kwa mbali. Msifungue mlango wa NAS kwenye rauta, yaani msiiache ifikiwe kutoka intaneti, eti kwa sababu mteja anataka kuona picha akiwa safarini. Bekapu ipewe akaunti yake ambayo mtumiaji wa kila siku haitumii, na folda yake isikae wazi kwenye Windows kama diski Z. NAS ikiweza kushika hali ya folda ilivyokuwa saa fulani, washeni huduma hiyo. Na umeme wetu mnaujua: UPS, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika, iunganishwe na NAS kwa waya wa USB, ili NAS ijizime yenyewe kabla betri haijaisha.

Nakala moja lazima ilale nje ya nyumba. Piga hesabu kabla ya kumuuzia mteja huduma ya intaneti: terabaiti 1 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde inachukua zaidi ya siku 9 bila kupumua, na kwa anayeishi kwa bando hilo halizungumziki. Tena huduma nyingine za bei moja bila kikomo, kama ile ya Backblaze ya kompyuta binafsi, hazichukui NAS. Diski mbili za nje zinazopokezana, moja nyumbani na moja kwa shangazi, zimefungwa kwa nenosiri, zinafaa kabisa.

Mkimaliza, mwacheni mteja mwenyewe achague picha ya zamani, airudishe kwa mkono wake kwenye kompyuta nyingine na kuifungua. Kaeni pembeni, msishike mausi. Akikwama mahali, hapo ndipo pa kuandika maelezo kwenye ile karatasi ya nenosiri.