Kihusishi cha mwisho hakitoshi

SWALI: Ninajifunza Kireno kwa ajili ya kazi ya ukalimani Pemba ya Msumbiji. Niliandika "Entrei e saí da sala" (niliingia na kutoka chumbani), mwalimu akaikata. Mkufunzi mwingine ananiambia kihusishi cha kitenzi cha mwisho kinatosha. Nimsikilize nani?

JIBU: Kwa maandishi rasmi, msikilize aliyekata. Entrar (kuingia) hutaka kihusishi em, sair (kutoka) hutaka de (mbele ya a au o, em huwa "na" au "no", de huwa "da" au "do"). Funika kitenzi cha pili usome kilichobaki: "Entrei da sala". Haisimami. Kijalizo (hapa "sala") kipe kitenzi cha kwanza, cha pili kipe kiwakilishi: "Entrei na sala e saí dela", au ishia "e saí", maana mahali pamekwisha tajwa. Vivyo hivyo "Li e gostei do livro" (nilisoma na kukipenda kitabu) iwe "Li o livro e gostei dele". Lakini "Comprei e li o livro" (nilinunua na kusoma kitabu) haina kasoro, kwani vitenzi vyote viwili huchukua yambwa (kinachotendwa) bila kihusishi.

Hiyo kanuni ya "cha mwisho kinatosha" inanikera kuliko kosa lenyewe. Inauzwa kama njia ya mkato, na Mswahili huipokea upesi kwa sababu "niliingia na kutoka chumbani" kwetu ni sahihi; -ni yetu haibagui kuingia na kutoka. Ni kweli wenye lugha husema "entrar e sair de casa" kila siku, na wapo wanasarufi wanaoivumilia kwa ufupi wake. Ila wao wanajua walichokiacha. Mwanafunzi hajui.

Kwenye nomino hatari inazidi, kwa sababu sentensi hubaki na sura nzuri huku maana imehama. Unataka kusema wafanyakazi wanamwamini mkuu wao na kumwogopa, unaandika "Têm a confiança e o medo do chefe". Hapo "a confiança do chefe" inasomeka kwamba mkuu ndiye anayewaamini wao! Andika "Têm confiança no chefe e medo dele". Hakuna haja ya kurudia kila kitu: "compra e venda de terrenos" (ununuzi na uuzaji wa viwanja) ni salama, nomino zote mbili zinataka de.

Achaneni na orodha za vitenzi zenye tafsiri tupu. Kitenzi kiingie daftarini pamoja na kihusishi chake: gostar de (kupenda), confiar em (kuamini), obedecer a (kutii). Na vingine vina sura mbili: katika Kireno sanifu, assistir a um filme ni kutazama filamu, assistir um doente ni kumhudumia mgonjwa.