Moduli ya IGBT imekufa: usifunge mpya kabla ya kupima geti

Fundi, umesema mashine yako ya kuchomelea ya inveta, ya fezi moja, inaangusha breka kila ukiiwasha, na mita inalia kati ya kolekta na emita, yaani pini mbili za umeme mkubwa za moduli ya IGBT (swichi ya kielektroniki inayowasha na kuzima umeme kwa kasi). Moduli imekufa, hilo halina ubishi. Ila ukifunga mpya bila kukagua mzunguko wa geti (pini inayoiamuru iwake au izime), inaweza kupasuka papo hapo.

Chomoa umeme, kisha maliza chaji ya kapasita kubwa kwa balbu ya nyuzi ya wati 100. Kapasita hizo hushika karibu volti 325 za DC. Bisibisi si kifaa cha kazi hiyo.

Moduli ikiwa nje, pima rezista za geti, zena (dayodi za kudhibiti volti) na transista za dreva, zile zinazoliendesha geti. IGBT ikishoti, volti ya kolekta hurudi hadi getini, na vitu hivyo vidogo huungua bila hata kubadilika rangi. Pima pia daraja la dayodi, linalogeuza AC kuwa DC. Kisha iwashie bodi ya kontroli umeme wa pembeni, ule mkubwa ukiwa umekatwa, utazame mapigo ya geti kwa osiloskopu (kifaa kinachochora volti kwenye skrini): takriban volti 15, na pande mbili zisiwake kwa pamoja.

Wakati wa kufunga, paka grisi ya joto nyembamba, kaza skrubu kwa mkingamo, na usiguse pini za geti. Umeme tuli huziua.

Washa mara ya kwanza kupitia balbu ileile, ikiwa mfululizo na waya wa laini. Ikimulika kisha ikafifia, sawa. Ikibaki kali, zima, kuna shoti bado. Feni nayo izunguke kabla hujachomelea.