Kabla hujahama Dar kwenda mji mdogo: ninayoyajua kutoka Tukuyu

Kila kodi za vyumba zikipanda Dar naanza kupata meseji kutoka kwa rafiki zangu wa Tabata, eti fundi huko maisha yakoje, na sisi tuje? Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka kwahiyo leo naandika kwa urefu ili anayefikiria kuhama asome akae alitafakari na mwenzake.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuja Tukuyu kumfuata mume wangu alipohamishwa kikazi na saivi watoto wangu ni wenyeji kuliko mimi, wanasalimia wazee kwa Kinyakyusa bila hata kufikiria. Kwa wasiopajua, Tukuyu ni mji wa wilaya ya Rungwe, kama kilomita 70 kutoka Mbeya mjini, barabara ileile inayoshuka Kyela mpaka Kasumulu mpakani na Malawi. Mlima Rungwe uko hapo juu yetu, karibu mita 3,000, na huku chini ni chai, migomba na parachichi kila unapogeuka. Ni mji mdogo kweli ila sio wa kudharau, wazee wa mpira watakuambia mwaka 1986 Tukuyu Stars walipanda daraja na msimu huohuo wakabeba ubingwa wa nchi, na hapa bado inasimuliwa kama ya juzi.

Sasa watu wengi wakiniuliza wanauliza kodi na hewa. Hivyo vipo, nitavigusa, lakini sio vitakavyoamua kama utakaa au utarudi. Kitakachoamua ni kama unaweza kuishi sehemu ambayo kila mtu anakujua. Faida kubwa zote za mji mdogo nimeona zinatoka hapo na hasara kubwa zote zinatoka hapohapo, huwezi kuchagua upande mmoja ukaacha mwingine.

Kodi basi tumalize. Hela niliyokuwa nalipia chumba na sebule Tabata hapa napanga nyumba nzima yenye uwanja wa watoto kucheza na kibustani cha mboga. Chakula ndo usiseme, maziwa yanatoka kwa jirani ya leo asubuhi, ndizi na magimbi na maharage unanunua kwa aliyevilima mwenyewe, parachichi msimu ukifika unapewa mpaka unakosa pa kuziweka. Ila vitu vya dukani vinavyotoka mbali, sabuni, mafuta ya kula, vifaa vya ujenzi, usitegemee viwe rahisi, vimelipiwa nauli mpaka vikafika. Na mshahara wa huku ni mdogo, kwahiyo ukilinganisha matumizi linganisha na kipato pia, wengi wanasahau hiyo nusu ya pili.

Hewa ni safi sana ila ina mvua ndani yake. Hapa inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, Dar haifiki hata karibu. Ikianza mwezi wa 11 inaenda mpaka wa tano, na kilele ni mwezi wa tatu na wa nne. Nguo unaanika Jumatatu unazigusa Alhamisi bado zina ubaridi, mkanda wa ngozi ukiuacha kabatini unaota ukungu mweupe kama umepakwa unga, na mimi vitambaa vya wateja lazima niviweke juu ya vichaga mbali na ukuta nifungue madirisha kila jua linapochungulia, la sivyo kitenge cha mtu kinatoka na madoa meusi yasiyofulika. Mwezi wa sita na wa saba mvua inapungua inaingia baridi, na wanaotoka Pwani na watoto wachanga waje na masweta ya kutosha sio yale ya mapambo. Umeme nao mvua ikipiga kwa nguvu unakatika, mimi nimebaki na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu sababu hiyo na sitaiuza.

Haya, tuje kwenye watu.

Hapa msiba ndo kipimo. Bibi mmoja wa mtaani kwetu alifariki usiku, kufika saa mbili asubuhi turubai limeshafungwa, wanaume wanapasua kuni, wamama wanaingia na mikungu ya ndizi kichwani, sufuria kubwa za kikundi zimeandikwa namba kwa rangi nyekundu zisipotee, na pembeni kwenye meza kijana amekaa na daftari la kaunta anaandika jina na kiasi. Aliyeleta elfu kumi anaandikwa, aliyeleta mia tano anaandikwa, aliyeleta mzigo wa kuni naye anaandikwa. Hakuna aliyepigiwa simu ya kubembelezwa. Mafundi wote wa mtaa ule tulifunga, na mwenye duka la dawa alifunga mpaka mazishi yakaisha.

Alipofariki baba mkwe wangu nikaelewa maana ya lile daftari. Mume wangu alikuwa safarini, mimi nimekaa chini nguvu zimeisha sijui nianzie wapi, na watu wakaingia wakafanya kila kitu, kuanzia kumfuata mwenyekiti wa mtaa mpaka kuchemsha chai ya wanaokesha, na hawakuniuliza kitu ila kitanda kiko wapi nikalale. Dar niliwahi kufiwa pia, watu walikuja na nawashukuru, lakini walikuja jioni baada ya kazi na foleni, wakaondoka mapema wawahi usafiri. Sio kosa lao, mji ule haukupi muda. Huku muda upo na watu wanautoa, na nakuambia kwa moyo wangu wote hakuna kodi ya nyumba inayofanana na hicho.

Lakini na wewe utautoa. Hapo ndo wageni wengi wanapokwama. Wiki ikiwa na misiba miwili oda za harusi zinalala, na mteja wa harusi naye hawezi kukulaumu maana mmeonana msibani. Ukisema wewe una kazi nyingi utatuma hela tu kwa simu, hela itapokelewa na kuandikwa, ila wewe hujaonekana, na huku kuonekana kuna uzito kuliko hela. Kwahiyo kama kazi yako haiwezi kusimama hata nusu siku bila kupangwa, fikiria mara mbili.

Kujulikana kuna upande unaouma pia na sitaki kuupunguza. Ukinunua kitanda kipya mtaa unajua, ukigombana na mumeo wanajua, mtoto wa kike akisimama na kijana stendi habari inafika nyumbani kabla yake. Hilo la mtoto mimi linanisaidia kwakweli, mwalimu alishawahi kupita dukani kwangu kuniambia mwanao leo sijamuona darasani, tena anapita anaenda sokoni wala hakuitwa. Ila kwa mtu mzima linaweza kukufanya uumwe kimya. Nawafahamu watu wanaopanda gari mpaka Mbeya kwenda kupima kitu kinachopimwa bure hapahapa, sababu anayepokea kadi dirishani wanasali naye kanisa moja. Na wadada wanaoishi peke yao, au waliotoka kwenye ndoa, wanapata maswali ambayo Dar hakuna mwenye muda wa kukuuliza. Kama kuna jambo la maisha yako unahitaji libaki lako, mji mkubwa unakuficha vizuri zaidi, huo ni ukweli na sio dhambi kuuchagua.

Afya kwa ujumla: hospitali ya wilaya ipo na mambo ya kawaida yanatibika, ila ugonjwa ukiwa mkubwa utapewa rufaa Mbeya, na hizo kilomita 70 usiku wa mvua na mgonjwa ndani ya gari ni ndefu. Mwenye mzazi wa kisukari au presha ya kufuatiliwa na daktari bingwa, au mtoto mwenye hali maalumu, aanze na hilo kabla hajaangalia nyumba.

Biashara sasa, maana wanaoniuliza wengi ni mafundi na wadada wa saluni. Wateja wapo. Mwezi wa 12 na wa kwanza sare za shule zinaniweka macho mpaka usiku, kipaimara na harusi zinaingiza, vitenge vya msiba vya ukoo mzima unaweza ukapewa oda ya watu 30 ya kumaliza kesho kutwa. Lakini hela ya mji mdogo inakuja kwa mawimbi, mwisho wa mwezi watumishi wakilipwa, na msimu wa parachichi na chai, katikati hapo watu wanakopa. Na kumnyima mkopo mtu unayekaa naye kikundi kimoja ni kazi ngumu kuliko kushona suti. Ninachofanya ni hiki, nakata kitambaa nikishapokea nusu, kwa kila mtu, hata mke wa mchungaji, na nimekiandika kwenye karatasi nikabandika ukutani ili asione mtu nimemtenga yeye. Ukianza na utaratibu huo siku ya kwanza watu wanauzoea, ukianza kwa huruma afu ubadilishe baadae utaambiwa umepata hela umebadilika.

Jambo lingine, kazi mbaya haina pa kujificha. Dar ukimharibia mteja suruali anaweza asirudi ikaishia hapo. Huku suruali hiyo itavaliwa kanisani Jumapili na watu watauliza nani kashona. Kwa fundi mzuri hii ni baraka, sijawahi kulipia tangazo. Material na uzi na zipu nafuata Mwanjelwa, sokoni Mbeya mjini, vitambaa vya maana natumiwa kwa basi kutoka Kariakoo, na tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena 2023 mzigo unafika haraka kuliko zamani.

Kwa vijana waliosoma wanaotafuta ajira nitakuwa muwazi, nafasi ni chache. Kuna halmashauri, shule, hospitali, kampuni za chai na parachichi, basi, na nyingi zimeshajaa. Vijana wetu wenyewe wanaondoka kwenda Mbeya na Dar kila mwaka. Anayefanikiwa huku ni mwenye ujuzi wa mikono, mwenye mtaji wa kilimo au mifugo, au mwenye kazi ya mtandaoni inayomlipa kutoka nje, na huyo wa mwisho awe na laini za mitandao miwili na betri ya akiba.

Ukiamua kuja, njoo kwanza mwezi wa nne, sio wa nane. Mwezi wa nane kila mtu anapapenda. Kaa hata wiki mbili kwa ndugu au nyumba ya wageni, tembea kwa miguu, ingia sokoni, uliza bei za mkaa na gesi. Panga nyumba, usinunue kiwanja mwaka wa kwanza hata ukiletewa cha bei ya kutupa, maana migogoro ya ardhi ya ukoo haionekani kwa mgeni na muuzaji anaweza kuwa na shangazi watatu ambao hawajasaini. Siku ukifika nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe, afu wapitie majirani wa pande zote nne, usisubiri wao waje. Ingia kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, kimoja tu, viwili vitakumaliza kwa michango. Weka pembeni hela ya dharura ya kukodi gari mpaka Mbeya na usiiguse kwa jambo lingine. Na salamu jifunze mapema, Ugonile kwa wa rika lako, Mwagonile kwa wakubwa, ukiinama kidogo, watakucheka kwa furaha na watakurekebisha.

Kwa wale wawili mliouliza kuhusu saluni, za kusuka ziko nyingi pale stendi na zinagombania wateja walewale. Za kupamba maharusi hazijajaa, wengi wanamleta mtu kutoka Mbeya na kumlipia nauli na malazi. Anayejua kazi hiyo aje na vifaa vyake, chumba cha mbele barabarani akinitafuta ntamsaidia kutafuta.