Maswali ya Wasomaji: Korongoni, Mlimani na Mzigo Mgongoni

Shikamooni. Tuko walimu wanne hapa Mafinga, tumepanga kwenda Namibia likizo ya mwezi wa sita kutembea Korongo la Mto Fish. Wenzetu wanasema kama tumeshapanda mlima Loleza wa Mbeya, korongo halitatusumbua kwa kuwa ni kushuka tu. Ni kweli? Tujiandaeje? — Mwalimu, Mafinga

Marahaba, Mwalimu. Hiyo "kushuka tu" ndiyo inayowaumiza watu. Unapopanda, pumzi inakukatikia, unasimama, unapumzika, unaendelea. Unaposhuka pumzi ipo, kwa hiyo husimami, na kumbe misuli ya mbele ya mapaja ndiyo inayoshika breki kwa kila hatua huku ikivutwa. Ikichoka, magoti yanaanza kutetemeka, mguu unakanyaga ovyo, na kifundo kinateguka. Njia ya Mto Fish inaanza siku ya kwanza na mteremko mkali wenye minyororo ya kushikilia sehemu za juu, na siku hiyo ndiyo begi lako ni zito kuliko siku zote.

Tuanze na taratibu. Njia ni ya kilomita 85 hivi, kutoka Hobas hadi Ai-Ais, na wengi huitembea kwa siku nne au tano. Hufunguliwa tarehe 1 Mei hadi 15 Septemba. Miezi mingine hufungwa kwa sababu ya joto linalopita nyuzi 40 na mafuriko ya ghafla. Kundi lisipungue watu watatu, na kila mtu awe na cheti cha daktari kilichotolewa ndani ya siku 40 kabla ya kuanza. Mkipima afya mwezi wa nne kwa safari ya mwishoni mwa mwezi wa sita, cheti kitakuwa kimepitwa. Nafasi huwekwa mapema kupitia Namibia Wildlife Resorts, na Juni ni mwezi unaogombaniwa.

Humo ndani hakuna duka wala nyumba ya kulala, kwa hiyo kila kitu unakibeba. Hesabu ya mtu mmoja kwa siku tano iko hivi: begi lenyewe kilo 1.8, sehemu yako ya hema 1.2, begi la kulalia 1.2, mkeka wa sponji 0.5, nguo 2, chakula 3.5 (gramu 700 kikavu kwa siku), jiko na gesi 0.7, dawa 0.5, maji lita 3. Jumla ni kilo 14 na ushee. Usivuke robo ya uzito wa mwili wako. Mtu wa kilo 55 akibeba 18 anajitafutia maumivu ya mgongo siku ya pili. Mitungi ya gesi hairuhusiwi ndani ya ndege, hivyo mkiruka inunueni Windhoek. Chakula kiwe cha kuiva haraka: sembe, tambi, uji wa lishe, dagaa waliokaangwa wakakauka, karanga, tende. Makande yaacheni nyumbani, yatamaliza gesi kabla hayajaiva. Na chakula kisilale nje, nyani wa humo ni wezi.

Mazoezi yachukue wiki kumi. Wiki tatu za mwanzo tembea saa mbili, mara tatu kwa wiki, na kilo 5 mgongoni. Kisha ongeza kilo 1.5 kila wiki mpaka ufike 14, na Jumamosi panda kilima cha kweli. Mkipata nafasi ya kuja Mbeya, Loleza inafaa sana. Mzigo wa mazoezi uwe maji kwenye madumu, lita moja ni kilo moja, huna haja ya mzani. Wapandaji wengi humwaga maji kileleni ili washuke wepesi. Nyinyi msimwage, kwa maana mnafanyia mazoezi kushuka. Piga hatua fupi, goti likunjwe kidogo, usilinyooshe likakaza. Kaza kamba za viatu pale mguu unapokunjana na kifundo ili vidole visigonge mbele. Fimbo mbili zinapunguza kazi ya magoti kuliko dawa yoyote ya kuchua.

Baridi ya usiku wa Juni huko jangwani mtu wa Mafinga haitamshangaza, lakini begi la kulalia libebeni.

Mwisho, kambi. Msilale katikati ya mkondo hata mchanga ukiwa mkavu kabisa. Ardhi ya jangwa ni ngumu na haina majani ya kuzuia maji, kwa hiyo mvua haizami, inateremka yote kwa pamoja. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika Antelope Canyon kule Arizona, Marekani, kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa. Anga juu yako haikwambii kinachotokea juu ya mto. Maji safi yakigeuka ya tope, vijiti vikaanza kuelea, au ukisikia mngurumo usioisha, panda juu papo hapo, begi liache.

Inakuwaje mtu anakunywa maji mengi kwenye matembezi ya jua kali, na bado anaumwa kichwa na kutapika? — Mwanachuo, Mwanjelwa, Mbeya

Mara nyingi ni chumvi. Jasho linatoa maji na chumvi kwa pamoja. Ukirudisha maji matupu saa baada ya saa, chumvi ya damu inashuka, ndipo kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, vidole vinavimba. Kumwongezea maji mtu wa namna hiyo ni kumzidishia, na hali hiyo ikiachwa inaua. Kunywa nusu lita hadi lita moja kwa saa penye joto kali, ukifuata kiu, na ule kitu chenye chumvi njiani: karanga za chumvi, dagaa, mayai ya kuchemsha. Beba pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), moja kwa lita moja ya maji. Usiikoleze kwa kupunguza maji.

Mkojo unasaidia kutofautisha. Ukiwa mchache na wa rangi ya chai, umekaukiwa. Ukiwa mwingi na mweupe kama maji, huku kichwa kinauma, acha kunywa, kaa kivulini, tafuta chumvi. Mtu akianza kuongea asichokielewa na mwili unawaka, hilo ni joto limemwingia: mlowanishe maji mwili mzima, mpepee, na aondolewe haraka kwenda hospitali. Tembea kuanzia saa 12 asubuhi, na kati ya saa 5 na saa 9 mchana kaa kivulini.

Kuhusu kutibu maji ya mto: chuja kwanza kwa kitambaa safi, kisha chemsha. Juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu, maana huko maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Ukitumia vidonge vya klorini soma pakiti, vingine ni vya lita 20, vingine vya lita moja. Subiri dakika 30. Maji ya tope hula klorini, ndiyo sababu ya kuchuja.

Nimepata buti nzuri za mitumba, soli nene, karibu mpya. Nizipeleke Rungwe? — Fundi, Uyole

Kaka, zipime kwanza. Nyingi zina tabaka laini la plastiki kati ya soli na ngozi, na tabaka hilo huoza kwa unyevu wa hewa hata buti likiwa kabatini halijavaliwa. Kwa nje linang'aa, likifika mlimani soli inadondoka nzima. Bonyeza tabaka hilo kwa kucha ya kidole gumba. Likimeguka kama mkate mkavu au likiwa na nyufa ndogondogo, liache. Kunja buti mara ishirini, kisha litembelee mjini wiki mbili. Gundi haiokoi tabaka lililooza, ila soli nzima iliyoachia pembeni fundi viatu anaweza kuishona kwa uzi.

Ukubwa: ukisogeza vidole mbele, kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Soksi ziwe za sufu au nailoni, pamba hushika jasho na kuleta malengelenge. Ukihisi sehemu inawaka, simama hapohapo ubandike plasta. Kusubiri mpaka mapumziko ni kuchelewa.

Ndugu zangu wanakuja kutoka Dar wakati wa Pasaka, wanataka kupanda Rungwe. Inafaa? — Dada wa Tukuyu

Kwa Pasaka, hapana, dada. Machi na Aprili miteremko ya Rungwe inapata mvua kubwa mno, njia inakuwa tope la kuteleza na mawingu yanafunika kilele. Kilele kina mita 2,960 hivi, na joto hushuka karibu nyuzi 6 kila mita 1,000. Mtu wa Dar aliyevaa jinzi iliyolowa anaweza kupatwa na baridi ya kumlegeza mwili hata kabla ya saa sita. Waambie waje Juni hadi Oktoba, walipie kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), wachukue mwongozaji, na waanze kabla jua halijatoka. Wakibahatika watamwona kipunji, nyani mwenye kishungi aliyetambuliwa na wanasayansi mlimani hapo mwaka 2003.

Watoto wangu wanataka kuona nguzo za Isimila. Wanaweza kuzipanda? — Mama, Ipogolo, Iringa

Wasizipande, mama. Nguzo zile ni udongo na mchanga ulioshikana, mvua ndiyo iliyozichonga, na kipande kinaweza kumeguka mkononi. Ni kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Nendeni asubuhi, watoto wavae viatu vya kufunika vidole, kila mmoja na lita moja ya maji. Mawe yaliyochongwa yaliyolala chini ni zana za watu wa Zama za Mawe: watazame, wasiokote. Na mawingu yakiwa mazito upande wa juu wa korongo, ahirisheni kushuka.